Siku niliyoacha kumwita binti yangu "mama"

Binti yangu alipewa jina la mama yangu mzazi, na kwa sababu hiyo tangu akiwa mchanga sikuwa na mazoea ya kumwita kwa jina lake. Nilimwita "mama", kama wafanyavyo akina baba wengi ambao mtoto wao wa kike amebeba jina la bibi yake. Nikirudi kutoka shambani nilibisha hodi na kuuliza, "Mama yuko wapi?", naye alijua kwamba anayeulizwa ni yeye, wala si mke wangu. Lilikuwa neno la mapenzi na la utani mdogo kati yetu watatu. Ninaandika habari hii kwa ruhusa yake, na baada ya yeye kusoma kila aya, kwa sababu neno hilohilo lilikuja kumwelemea alipokuwa na umri wa miaka 15, nami kwa miezi kadhaa sikujua kwamba kila nilipomwita nilikuwa ninamwongezea mzigo.

Mke wangu alifariki dunia mwezi Machi 2022. Ilikuwa kiharusi, alianguka alfajiri, na siku ya pili hatukuwa naye tena. Tunaishi Uyole, pale ambapo barabara ya kwenda Tukuyu na Kyela inaachana na ile ya kwenda Iringa na Dar es Salaam, lakini kwetu ni Rungwe, na huko ndiko tulikomzika, kando ya migomba, chini ya mvua za Machi ambazo wenyeji wa Rungwe wanazijua. Msiba wa kwetu haumwachi mtu mpweke. Wanawake walijaa ndani mikekani, wanaume tukakesha nje tukiuzunguka moto, majirani wakaleta kuni, maharage na ndizi bila kuombwa, na kwa siku zile zote sikumbuki kama niliwahi kukaa hata nusu saa bila mtu kuniwekea mkono begani. Ninasema hivi nikiwa na shukrani ya kweli, kwa maana nitakayoyasema mbele yanaweza kusomwa kama lawama dhidi ya mila zetu, na sivyo nilivyokusudia.

Siku ya kuanua tanga, ndugu walikaa kikao, wakamaliza mambo ya gharama, nguo za marehemu zikagawiwa kwa ndugu zake wa kike kama ilivyo desturi, kisha dada yangu mkubwa akamwita binti yangu mbele ya watu wote na kumwambia: "Kuanzia leo wewe ndiye mama wa nyumba hii. Wadogo zako wanakutazama wewe, na baba yako anakutazama wewe." Watu wakaitikia. Mimi nilitikisa kichwa kukubali, na moyoni nikashukuru kwamba kuna mtu amesema jambo ambalo sikuwa na nguvu ya kulisema.

Dada yangu hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Wazee wetu walijua kwamba nafasi ya marehemu ikiachwa wazi, nyumba huyumba, na ndiyo maana hukaa na kutamka nani atasimama wapi. Tatizo ni kwamba mtu mzima anayesimikwa hurithi nafasi pamoja na sauti ya kuamua, ilhali mtoto wa kidato cha pili anayeambiwa kwamba yeye ndiye mama hurithi sufuria, ndoo na ufagio, na kisha hana tena mama wa kumlilia, kwa kuwa mama ni yeye.

Mwezi Aprili na Mei alikuwa mtoto wa kupigiwa mfano. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akakoroga uji, akawaandaa wadogo zake wawili waliokuwa na miaka 9 na 6, akafagia uwanja, kisha akashika njia ya shule. Sikumwona akilia. Niliwaambia watu sokoni kwa fahari kwamba mtoto amekomaa. Leo nikikumbuka sentensi ile ninaumia, kwa sababu niliuona utulivu wake kuwa afya, na zaidi ya hapo niliuhitaji uwe afya, maana mimi mwenyewe nilikuwa ninajishikilia kwake.

Kuna jambo jingine nililolipuuza. Siku chache baada ya mazishi, tukiwa bado Rungwe, alikaa na binamu zake wakitazama video kwenye simu, akacheka kwa sauti. Mmoja wa wazee wa kike alimkemea vikali: mama yako hata udongo haujakauka, wewe unacheka? Tangu hapo hakucheka tena mbele yetu, na nadhani ndipo pia alipoamua kutolia. Baadaye sana mshauri nasaha alinieleza kazi ya watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliochapisha mwaka 1999 maelezo ya namna mtu anavyoishi na msiba. Walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi: saa hii yumo ndani ya uchungu, saa ijayo ameshughulika na maisha, kisha uchungu unamrudia tena, na kuyumba huko ndiko kunakomwezesha kuubeba msiba bila kuvunjika. Kwa watoto na vijana mwendo huo unaweza kuwa wa haraka kiasi cha kuwashangaza watu wazima. Kicheko kile kilikuwa pumziko la mtoto aliyekuwa akizama, nasi tulimnyang'anya.

Baridi ya Juni ilipoingia Uyole alianza kulalamika tumbo. Baadaye kichwa. Nilimpeleka zahanati, wakasema ni vidonda vya tumbo, wakampa dawa. Tulirudi mara tatu, na kila mara tulitoka na bahasha nyingine. Chakula kikawa hakimpiti. Wakati huohuo alikuwa mkali kwa namna nisiyoizoea: alimpiga mdogo wake kwa kukojoa kitandani, akanijibu mimi kwa maneno ambayo zamani yasingetoka kinywani mwake. Usiku nilikuwa nikiona mwanga chini ya mlango wake saa tisa. Shuleni alama zikaporomoka, akaadhibiwa kwa kutomaliza kazi, na mwalimu mmoja akaniambia kwamba mtoto huyu ameanza kujidai kwa sababu ya kuonewa huruma. Nilimwamini mwalimu. Sikujua wakati huo kwamba kwa kijana ugonjwa wa sonona (depresheni) mara nyingi huonekana kama hasira kabla ya kuonekana kama huzuni, na kwamba mwili wake unaweza kuumwa kweli, tumbo na kichwa, bila kidonda chochote kuonekana.

Kisha ikaja asubuhi ambayo hakuamka. Wadogo zake walikuwa wamesimama mlangoni bila viatu, jiko baridi. Niliingia chumbani mwake na kusema, kwa sauti kubwa: "Mama, hata wewe unaniacha?" Nimemwomba msamaha kwa maneno hayo, naye amenisamehe, lakini ninayaandika hapa kwa kuwa najua kuna baba au mama anayesoma ambaye ameyasema au yuko karibu kuyasema.

Ndugu walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema amerogwa na watu wanaoionea nyumba yangu wivu, wengine wakasema marehemu anamwita. Tulimpeleka kwenye maombi, na sisemi kwamba maombi hayakumfaa. Alisema baadaye kwamba wakati wa kuimba ndio pekee aliopata usingizi. Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa kanisa aliyenivuta pembeni baada ya ibada na kuniambia kwamba nimwombee mtoto huku nikimpeleka hospitali, na kwamba mambo hayo mawili hayagombani.

Hata hivyo nilichelewa wiki mbili zaidi, na sababu yake ni neno moja: Mirembe. Hospitali ile ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma imekuwepo tangu mwaka 1927 na imewatibu watu wengi, lakini katika mazungumzo ya nchi yetu tumeligeuza jina lake kuwa tusi. Tumekua tukitishana kwamba fulani apelekwe Mirembe. Niliogopa kwamba mtoto wangu akionekana tu kwenye mlango wa kliniki ya afya ya akili, jina hilo litamfuata mpaka siku ya kuolewa. Nilipofika kwenye hospitali ya rufaa hapa mjini Mbeya niliwakuta watu wa kawaida wamekaa kwenye benchi: mama mwenye mtoto mgongoni, kijana wa bodaboda, bibi aliyesindikizwa na mjukuu wake, na hakuna aliyetutazama.

Daktari alizungumza na binti yangu peke yake kwanza, kwa muda mrefu. Kisha akaniita, akasema kwamba ni sonona, na akatofautisha neno hilo na msongo wa mawazo ambao sisi tumezoea kuutaja kwa kila kitu. Msongo, alisema, hupungua mzigo unapopungua. Sonona humkaa mtu siku nyingi, kwa angalau wiki mbili mfululizo akiwa na huzuni au hasira, au asipate ladha ya jambo lolote, usingizi na hamu ya kula vikivurugika, nguvu zikiisha, na akili ikimwambia kwamba hafai. Aliongeza kwamba kufiwa si ugonjwa, na kwamba si kila mtoto anayelia usiku anahitaji dawa, ila huyu alikuwa na vyote viwili kwa pamoja, msiba usiotoka na sonona iliyoota juu yake.

Kisha, mbele yangu, alimuuliza kwa upole swali ambalo lilinifanya nishike kiti: "Kuna wakati umetamani usiwepo?" Binti yangu akasema ndiyo. Nilitaka kumkasirikia daktari kwa kumtia mtoto mawazo, lakini alinieleza kwamba kuuliza hakupandi mbegu hiyo, na kwamba utafiti umeonyesha hivyo. Mtu aliyekuwa anabeba wazo hilo peke yake mara nyingi hupata nafuu anapoulizwa waziwazi na mtu asiyeshtuka. Wazazi wengi huogopa jibu, na wengine huogopa polisi, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, katika kifungu cha 217, imeandika jaribio la kujiua kuwa kosa. Jirani zetu wa Kenya walishuhudia Mahakama Kuu yao ikitamka mwezi Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho katika sheria zao kinapingana na katiba. Mimi ni mkulima wala si mwanasheria, lakini nimemwona mtoto mwenye wazo hilo akiwa mita moja kutoka kwangu, na ninajua kwamba alichohitaji kilikuwa blanketi, daktari, na mtu wa kukaa naye.

Jioni ile nilifanya jambo ambalo daktari aliniagiza kabla ya mengine yote. Nyumba za wakulima wa viazi zina dawa za kuua wadudu na za ukungu, zimekaa stoo, kwenye kona, chini ya kitanda. Nilizikusanya zote nikazipeleka kwa rafiki yangu anayeishi mbali na kwetu, nazo zilikaa huko mwaka mzima. Nikihitaji kupulizia nilichukua kiasi cha siku hiyo. Nawasihi wakulima wenzangu wa Uyole, Uporoto, Makete na Njombe wenye vijana nyumbani wafanye hivyo hata kama hawaoni dalili yoyote. Pia ipo namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haitozwi, na kijana anaweza kuipiga mwenyewe.

Kuhusu dawa nitasema kidogo. Aliandikiwa fluoxetini, na nikaambiwa kwamba itachukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi, kwamba katika wiki za mwanzo nimwangalie kwa karibu zaidi kwa kuwa vijana wachache huongezeka mawazo ya kutaka kufa wanapoanza, na kwamba haiachwi ghafla. Shemeji zangu waliogopa kwamba atakuwa teja, hakuwa. Wiki ya tano aliomba kachumbari. Sikuwa nimesikia akiomba kitu tangu Machi.

Lakini ni kwenye chumba cha ushauri nasaha ndipo nilipojua kilichokuwa kikimla. Mshauri alimuuliza ni jambo gani nyumbani linamchosha kuliko yote, nami nikatarajia aseme kuni, maji, au wadogo zake. Alikaa kimya, akatazama mikono yake, akasema: "Baba akiniita mama." Kisha akaeleza kwamba zamani neno hilo lilikuwa lake, na mama yake alikuwa akicheka akilisikia, sasa kila nikibisha hodi na kuuliza mama yuko wapi, anasikia kwamba ninamuuliza marehemu, naye anaitika kwa niaba ya mtu aliyekufa. Alisema amejaribu kuwa yeye, ameshindwa.

Sikuwa na la kujibu. Nilimwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote: kwamba bado nilikuwa na ujumbe wa sauti wa mama yake kwenye simu, wa kuniagiza chumvi na mkaa, na kwamba kila usiku nilitoka nje kuusikiliza ili watoto wasinione. Akanitazama kwa mshangao. "Nilidhani umesahau," akasema. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimekaza uso wangu mezani ili nisiwavunje moyo, na yeye akauona uso huo na kujifunza kwamba katika nyumba hii jina la mama yake halitajwi. Tulisikiliza ujumbe ule pamoja jioni hiyo, pamoja na wadogo zake. Yule mdogo kabisa aliomba urudiwe mara nne.

Nyumbani ilibidi kazi zigawanywe upya. Nilijifunza kusonga ugali na kupika maharage yakaiva, wadogo zake wakaanza kufua soksi na mashati yao, na shangazi yangu alikuja kukaa nasi hadi mavuno. Watu walisema mengi kuhusu mwanamume anayechota maji wakati ana binti mkubwa ndani. Waliendelea kusema kwa muda, kisha wakazoea. Mtihani wa Novemba mwaka ule hakuufanya. Alirudia kidato cha pili mwaka 2023, jambo lililomwumiza, na kulikuwa na wiki katika mwaka huo ambazo alirudi chini kabisa, hasa mwezi Machi, tukalazimika kurudi kliniki kabla ya tarehe. Sasa ameandika kidato cha nne kwenye daftari zake, na ratiba ya mtihani ameibandika ukutani yeye mwenyewe.

Nilimuuliza angependa nimwite nani. Alisema jina lake. Mwanzoni ulimi wangu uliteleza kila siku, na kila ulipoteleza nilisimama, nikasema samahani, nikaanza upya. Jina hilo ni la mama yangu mzazi, na kulitamka kwa sauti mbele ya mtoto kulinipa aibu ambayo wengi wa rika langu wataielewa.

Limebaki moja. Katika mazungumzo yale alitaja pia sweta la buluu la mama yake, alilokuwa akilivaa kila Juni. Siku ya kuanua tanga lilikwenda na nguo nyingine, na hakuna aliyemuuliza mtoto kama angependa kubaki na chochote. Mimi nilikuwa hapohapo nikiangalia mafungu yakigawiwa. Alikuja kuliona mwilini mwa mama yake mdogo alipotutembelea mwanzoni mwa baridi. Alimpokea mgeni, akampikia, akamsindikiza hadi kituoni, na wiki ile ndipo alipoanza kuumwa tumbo.

Nilipanda gari kwenda Tukuyu kumwomba shemeji yangu alirudishe. Nilijiandaa kwa maneno ya adabu kwa sababu kuomba urithi uliokwishagawiwa si jambo dogo. Hakunikatalia, wala hakulitoa mara moja. Aliingia ndani, akakaa muda mrefu, akatoka nalo amelikunja, akasema: "Shemeji, nami nilikuwa ninalala nalo." Hakuwa amelivaa kwa sababu ya baridi tu. Alikuwa amempoteza dada yake, na hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote yeye pia. Nilimwomba aje mwenyewe amkabidhi mtoto, akaja Jumamosi iliyofuata.

Binti yangu alilipokea kwa mikono miwili, akauzika uso wake ndani yake, akavuta pumzi, akavuta tena. Kisha akasema, "Limefuliwa." Akaanza kulia kwa sauti, kilio ambacho kilikuwa kimekaa ndani yake tangu Machi, na mama yake mdogo akamshika wakaketi sakafuni wote wawili. Nilichukua wadogo zake tukaenda jikoni kuwasha moto.